Kuagiza chakula nikiwa Wedding, Berlin: kijana wa baiskeli nyota 5, programu nyota 2

Naishi Wedding, kaskazini mwa Berlin, kwenye ule mtaa wao wa Kiafrika wenye njia zinazoitwa Tangastraße na Sansibarstraße. Mimi mtoto wa Tanga, kwa hiyo nilipopata chumba hapa nilijiona nimerudi Ngamiani, tofauti baridi tu. Jumapili maduka huku yanafungwa, na friji ya mwanafunzi mnaijua. Unabaki na simu.

Jumapili moja ya Novemba 2024 niliagiza shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu) na injera (mkate wao laini kama chapati) kwa Waeritrea. Chakula euro 13.50, kuletewa euro 2.90, dakika 35. Dakika ya 50 simu ikaita. Kijana wa Kihindi, anahema: "Dada, mtaa wako mbona haupo?"

Hakukosea sana. Barabara yangu ilikuwa Petersallee, jina la yule mkoloni wa Kijerumani Carl Peters ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Agosti mwaka huo waliigawa, kipande chetu kikawa Maji-Maji-Allee. Siku hiyo nilimpigia bibi yangu kwa furaha. Programu sasa! Ukiandika jina jipya, alama ya ramani inakwenda kukaa katikati ya bustani ya Rehberge, kwenye miti.

Nikavaa koti juu ya khanga, nikashuka na ndala. Nikamkuta kwenye nguzo ya kona, kofia inachuruzika, anakodolea macho vibao viwili: kipya, na cha zamani kilichopigwa mstari mwekundu, maana huku huachwa kwa muda watu wazoee. Tanga angeuliza kwa Mangi dukani, yakaisha. Injera ilishagandana kwa mvuke na shiro imemwagika kama robo, lakini ya moto. Nikampa euro 3 mkononi.

Nikaandika malalamiko. Likajibu roboti: anwani yako si sahihi, fedha hairudi. Anwani niliyopewa na serikali kwa karatasi!

Halafu kuna kengele. Wajerumani wengi hawaweki namba za vyumba, wanabandika majina ya ukoo mlangoni. Langu halipo, nimepangishwa chumba na mpangaji mwingine. Wiki yangu ya kwanza simu iliisha chaji, nikakaa dirishani ghorofa ya nne nikimwangalia mleta chakula anapitisha kidole kwenye majina 18, anatikisa kichwa, anapanda baiskeli na wali wangu wa kuku. Nilipiga kelele. Kioo cha huku ni mara mbili, hakipitishi sauti.

Vyakula vyenyewe sina ugomvi navyo, isipokuwa chipsi. Chipsi usiagize, zinafika zimelala.

Siku hizi nabandika alama ya ramani kwa mkono, na kwenye jina naandika la yule mpangaji aliyenipangisha, mzee wa Kijerumani. Waleta chakula wote wananiita kwa jina lake, tena "Bwana". Naitika.