Ruta ya laini, uzoefu wangu: baa nne zilinidanganya miezi minne

Wadau habari zenu. Hii ruta nimekaa nayo mwezi wa tano sasa kwa hiyo nadhani naruhusiwa kuisema. Ni zile boksi nyeupe za 4G za kuchomeka laini, kampuni siitaji, na sitaongelea rangi wala bei, nataka kuongelea ule ukurasa wake wa ndani unaoonyesha hali ya mtandao, maana nilikaa miezi minne bila kujua kama upo.

Mimi si fundi. Nafundisha wageni Kiswahili kwa video, nakaa Goba, fiba mtaani kwetu bado. Kazi yangu haitaki spidi ya kutisha, inataka isikatike basi. Sasa ruta ina taa nne za mtandao, ndo hizo naziita baa, zote zinawaka kijani safi, halafu saa mbili usiku niko katikati ya kueleza ngeli ya KI-VI mwanafunzi ananiambia mwalimu umeganda. Tena nimeganda mdomo wazi! Napiga huduma kwa wateja, naulizwa taa ngapi zinawaka dada, nasema nne, naambiwa basi mtandao wako uko vizuri, jaribu kuzima na kuwasha. Nimezima nimewasha mpaka kitufe kimelegea.

Siku moja mdogo wangu kaja kula, kaniona nimenuna, akauliza dada ulishawahi kuingia ndani ya ruta? Nikaenda kumletea bisibisi. Kanicheka sana. Kumbe unashika simu ikiwa kwenye waifai ya ruta, unafungua brauza, unaandika 192.168.8.1, ukurasa unakuja (ruta nyingine ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, geuza boksi lako usome stika ya chini, na paswedi iko hapohapo). Hauli bando, hata bando likiisha unafunguka tu kwa sababu unaongea na boksi lenyewe, hutoki nje.

Sasa humo ndani ndo kuna mambo. Kuna namba inaitwa RSRP, hii ni nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia, na ina alama ya kutoa mbele yake ndo ikanichanganya, mimi nikaona -105 nikafurahi kwamba ni kubwa kuliko -84. Ni kinyume! Ukiwa kwenye -80 na kitu uko vizuri, ukifika -100 shida zinaanza, -110 unaning'inia. Na kila ikishuka kwa 10 nguvu imebaki sehemu moja ya kumi, kwa hiyo sio tofauti ndogo kama inavyoonekana.

Lakini iliyoniokoa mimi ni ya chini yake, SINR, ambayo taa za juu hazikwambii. Chukulia kuna kigodoro kwa jirani na mtu anakusimulia kitu: RSRP ni ukubwa wa sauti yake, SINR ni kiasi gani sauti yake inazidi ule muziki. Anaweza kukupigia kelele sikioni na bado usielewe neno. Hii ikipita 20 ni raha, 13 kwenda juu ni nzuri, ikishuka kwenye 0 hakuna kitu hapo.

Basi tukaanza kuzunguka nyumba na ruta mkononi na waya wa kuongezea umeme nyuma kama watu wa harusi wanaoburuta spika. Dirishani sebuleni, ambapo ndo nilikuwa nimeiweka siku zote kwa sababu ya zile baa nne, RSRP -84, SINR 2. Juu ya kabati chumbani, RSRP -96, SINR 14. Yaani palipo na baa chache ndo palikuwa pazuri! Mdogo wangu akaniambia pale dirishani ruta inasikia minara miwili kwa nguvu karibu sawa, inaingiliana, na kweli tukaiangalia ile Cell ID (namba ya kipande cha mnara ulichoshika) ilikuwa inaruka huku na huku kila baada ya muda. Chumbani ukuta unauziba mnara wa pili, namba imetulia moja. Tangu ihamie kabatini sijaganda kwenye darasa hata mara moja kabla ya saa mbili usiku. Baada ya hapo ni habari nyingine, nitasema.

Kingine kilichonisaidia humo ndani ni muda wa kuunganishwa, yaani ruta imekaa hewani muda gani bila kukatika. Nilipopiga simu tena nikawaambia ruta haijazimwa tangu asubuhi lakini muda unasoma dakika 6, maana yake imekata yenyewe dakika 6 zilizopita. Hapo sikuambiwa zima washa, nilipelekwa kwa fundi akaniomba Cell ID. Lugha ilibadilika kabisa.

Orodha ya vifaa nayo angalia ila usigombane na watu haraka. Yangu ilionyesha vifaa 11, nyumbani tuko wanne, nikawa nimeshamhukumu kijana wa jirani moyoni. Simu za sasa zinaweza kuficha anwani yake halisi (namba inayotambulisha kifaa kwenye waifai) na kutumia nyingine, kwa hiyo moja inaweza kuonekana kama mbili. (Kijana wa jirani alikuwemo pia lakini.) Na kama anwani yako ya nje (hii ni nyingine, ni IP ambayo kampuni ya mtandao imeipa ruta) inaanza na 100.64 mpaka 100.127 ujue mnagawana anwani moja wateja wengi, mtu asikuuzie kamera ya ulinzi ya kuifikia moja kwa moja kutoka nje, haitakubali.

Lawama zangu sasa. Ukurasa unajitoa wenyewe kila baada ya dakika chache, unaingiza paswedi upya. Haukumbuki namba za jana, lazima uandike kwenye daftari. Bendi (masafa ya mawimbi ruta inayotumia) unaonyeshwa tu, mimi niko B3 ambayo ni MHz 1800, kuchagua mwenyewe kwenye hii yangu huwezi. Na saa mbili mpaka saa nne usiku spidi inashuka hata namba zikiwa safi, mnara umejaa watu, na hakuna sehemu yoyote humo inayokuonyesha hilo. Wanafunzi wa jioni nimewahamishia alfajiri.

Naipa 7 kwa 10. Ukijaribu kwako kaa kila sehemu dakika mbili tatu ndo usome, namba zinachelewa kutulia, na ukiwa humohumo badilisha paswedi ya kuingilia, mimi yangu ilikuwa bado ile ya kwenye stika na kijana wa jirani ndo alinisaidia kuiunganisha hii ruta mwanzoni.