Nimeweka Vilainishi vya Mlango wa Gereji Kwenye Friza ya Samaki: Kipi Kinavumilia Baridi?

Habari zenu watazamaji. Leo sipo karakana kwangu Ndeeba, nipo huku Ggaba, nyuma ya duka la samaki, na hili jaketi nene nimelivaa kwa sababu, ukiacha utani, nimekuwa nikiingiza kichwa kwenye friza tangu asubuhi. Friza ni ya mama mmoja anayeuza sangara, mputa kama tunavyomwita hapa. Ameniazima kona moja tangu juzi jioni, akatoa sharti: vyuma vyangu visimharibie harufu ya samaki. Nikamwambia mama, mimi naogopa kinyume chake.

Kwa nini friza? Kwa sababu theluji yetu Uganda iko juu Rwenzori, na kule hakuna mtu mwenye gereji. Lakini mwezi huu simu yangu haipumziki. Waganda, Wakenya, Wakongo, walioko Kanada, Boston, Uswidi, wote na wimbo mmoja: kaka, mlango wa gereji umegoma, mota inalia tu, gari liko ndani na kazini nachelewa. Basi nimeamua nipime vitu mnavyouziwa huko, niwaambie ningenunua kipi na kipi ningeacha dukani.

Kwa aliyeingia chaneli leo: nilikaa Winnipeg miaka mitano, nikibeba ngazi na spana kwa kampuni ya kutengeneza milango ya gereji. Na wa hapa nyumbani, msiwaze Kisekka. Si gereji ya mafundi wa magari. Ni chumba cha kulaza gari, kimeshikana na nyumba, mlango wake ni wa vipande vinne au vitano vilivyounganishwa kwa bawaba. Unapanda juu kwenye reli na kulala chini ya dari. Huku tuna geti na askari. Kule askari ni rimoti.

Haya, kipimajoto hiki hapa, mnaona? Nyuzi 18 chini ya sifuri. Winnipeg mwezi wa Januari hii ni siku ya ahueni. Asubuhi ya nyuzi 30 chini ya sifuri haimshangazi mtu. Kwa hiyo kitakachoshindwa humu, kule kisahau kabisa.

Nimeweka vigurudumu vitano vya mlango, vyote aina moja, kila kimoja na kilainishi chake. Makopo yenyewe sikuyaweka, yana hewa ya kubana, nimepulizia nje kwanza. Tuanze na hiki. Hii ni grisi ya beringi za magari, ile ya rangi ya kahawia ambayo kila fundi Kampala anayo kwenye debe. Nasukuma kwa kidole... hakizunguki. Nasukuma tena, kinasogea robo, kinasimama. Ona grisi yenyewe, imekaa kama posho, ugali wetu, iliyolala. Sasa piga hesabu: mlango una vigurudumu kumi hivi, kila kimoja kimegoma namna hii, na mota imezoea kuvuta kitu chepesi. Mota inahisi uzito, inadhani imemkuta mtu njiani, inasimama au inarudi. Mwenye nyumba anasema mota imekufa, anaagiza nyingine. Nimeshuhudia nyumba zaidi ya mbili zikinunua mota mpya kwa kosa la grisi.

Hiki cha pili ni oili ya injini, iliyotumika. Naona aibu hata kuijaribu, lakini kuna mtu aliniuliza. Inateremka kama asali, na imeshika kila uchafu uliopita. Tuiache.

Cha tatu, lile kopo maarufu la kulegezea nati zenye kutu. Angalia, kinazunguka vizuri! Hapa ndipo watu wengi wanaponaswa. Lile kopo ni zuri kwa kazi yake, na kazi yake ni kuyeyusha. Ukilipulizia kwenye mlango, linaosha hata grisi ya zamani iliyokuwa na faida, kisha lenyewe linakauka. Wiki ya kwanza mlango kimya, unajisifu kwa jirani. Baada ya muda unalia kama mlango wa kanisa la kijijini. Mimi nalitumia kusafisha tu, nafuta kwa kitambaa, ndipo naweka kilainishi chenyewe.

Cha nne, grisi nyeupe ya lithiamu, ya kupuliza. Mwanzo inasita kidogo, mmeona? Ukiisukuma mara mbili inakubali. Hii inakaa mahali ulipoiweka, haichuruziki, kwa hiyo naipenda kwenye bawaba na kwenye springi. Cha tano ni silikoni ya kupuliza. Sina la kuongeza, kizungusheni wenyewe kwa macho. Kama ndiyo imetoka dukani. Kwa mtu wa Winnipeg au Edmonton, mshindi wangu ni silikoni, na haina mpinzani wa karibu. Kwa wa Boston, ambako baridi haikai chini sana muda wote, hata ile nyeupe inatosha.

Ila tafadhali, usipake kwenye reli. Reli inafutwa kwa kitambaa kikavu, basi. Unachopulizia ni beringi za vigurudumu, bawaba, na springi ile ya juu, mwanzo wa baridi na mara moja tena katikati yake. Ukipaka reli umetengeneza mtego wa vumbi, na vumbi na baridi vikichanganyika unapata kitu kama lami.

Sasa mpira. Hivi ni vipande viwili vya mpira wa chini ya mlango, ule unaogusa sakafu kuzuia upepo na panya. Hiki ni cha plastiki laini, vainili. Nakikunja... mmesikia? Kimepasuka kabla sijafika nusu. Hiki kingine kimeandikwa EPDM, aina ya mpira wa kiwandani. Nakikunja, nakifunga fundo, nakifungua. Hakina habari. Kwenye rafu ya duka vinafanana kama mapacha, na wauzaji wengi hawakuelezi. Soma maandishi. Kwa baridi, EPDM, hata kama ni ghali kidogo.

Na mpira hata ukiwa mzuri, utaganda. Theluji inayeyuka kutoka kwenye gari, maji yanakimbilia mlangoni, usiku yanaganda, asubuhi mpira na sakafu vimeshikana. Ukibonyeza rimoti hapo, mota inavuta juu, chini kumeshikwa, basi ama mpira unachanika ama kipande cha juu cha mlango kinapinda. Kibonyezo cha pili ndicho kinachomlipa fundi. Mlango ukigoma mara ya kwanza, acha.

Dada mmoja aliniambia kwa furaha, kaka nimemwaga birika la maji ya moto, umefunguka. Nikamuuliza, na jioni? Akanyamaza. Maji yale kwa nyuzi 25 chini ya sifuri yanageuka barafu upya baada ya dakika chache, tena sasa umeyaongeza. Tumia mashine ya kukaushia nywele, taratibu, pitisha urefu wote wa mlango, bandua kwa kipande cha plastiki, kausha sakafu, kisha futa mpira kwa kitambaa chenye silikoni. Hiyo silikoni ndiyo itakayozuia usiku wa kesho. Chumvi ya barabarani inayeyusha, ndiyo, lakini inakula saruji, na inakula kebo. Zile nyaya za chuma mbili za pembeni huanza kuoza chini, pale zinapofungiwa, kwa sababu ndipo maji ya chumvi kutoka kwenye magurudumu yanaporuka. Ukiona nyuzi zimeanza kusimama kama ndevu, piga simu. Na kile kibati ambacho kebo imefungiwa, usikifungue skrubu hata moja. Kimeshika nguvu yote ya springi.

Nimerudi karakana sasa, nimeutundika mlango wangu wa maonyesho, kwa sababu springi siwezi kuieleza kwa mikono mitupu.

Tazameni hapa juu. Bomba hili, na springi mbili zimelizunguka. Mlango wenye vipande vilivyojazwa povu la kuzuia baridi unaweza kufika kilo 70. Anayeunyanyua si mota. Ni hizi springi. Mota inaelekeza tu, kama mtu anayesukuma baiskeli mteremkoni. Springi za kawaida zimetengenezwa kwa mizunguko 10,000, kufungua na kufunga ni mzunguko mmoja. Familia inayotoka na kurudi mara nne kwa siku inaimaliza kabla ya miaka saba. Na zikichoka, mara nyingi hukatika asubuhi ya baridi kali: chuma kimesinyaa, kimepoteza ulaini wake, grisi imeganda, halafu unakivuta ghafla. Mlio wake ni kama bunduki. Mzee mmoja wa Kihindi pale Winnipeg alipiga simu polisi kabla ya kutupigia sisi.

Utajuaje ndiyo iliyokatika? Tazama juu: utaona pengo kwenye springi, upana wa vidole viwili au vitatu. Pengo likiwepo, usiguse rimoti, usijaribu kunyanyua mwenyewe. Pengo lisipokuwepo, mlango ukiwa umefungwa, nasema umefungwa, vuta kamba nyekundu inayoning'inia kwenye mota. Sasa mlango ni wa mkono. Unyanyue hadi kiunoni, achia taratibu, mikono ikae karibu. Huu wangu umetulia. Mlango mzima unatulia hivi. Ukishuka kwa kishindo, springi zimelegea, na mota mpya haitakusaidia hata iwe ya bei gani. Ukiwa umefunguliwa, hiyo kamba usiivute. Springi ikiwa imekatika, kilo 70 zinakuja kichwani.

Kuhusu seti za springi zinazouzwa mtandaoni pamoja na video ya kujifunza: springi zenyewe nyingi si mbaya. Ukizipima vizuri, unene wa waya, kipenyo cha ndani, urefu, na upande unaojikunja, zitafanya kazi. Shida ni kuzikaza. Mlango wa futi saba unakazwa robo mzunguko baada ya robo, kama mara thelathini, kwa vyuma viwili maalumu vinavyoingia kwenye matundu haya. Mwenzangu wa kazi, mtu wa miaka kumi kwenye fani, siku moja aliacha vyuma vyake kwenye gari, akachukua bisibisi. Bisibisi ikateleza. Mkono ulivunjika mahali pawili, na hiyo ilikuwa robo ya ishirini tu. Mimi mwenyewe nina vyuma, nina uzoefu, na bado nikikaza nasimama pembeni, uso mbali. Kwa hiyo seti hiyo siipi alama mbaya kwa ubora, ila kama si fundi, usiinunue. Lipa mtu. Na akija, mwambie abadilishe zote mbili, kwa sababu zilizaliwa siku moja. Muulize kama ana za mizunguko 20,000 au zaidi. Kazi ya kuziweka ni ileile.

Haraka haraka mengine. Mlango unashuka nusu halafu unarudi: futa yale macho mawili ya sensa karibu na sakafu, yasiyozidi sentimita 15 kutoka chini. Ukungu wa baridi ukikaa kwenye kioo, yanadhani kuna mtoto amesimama. Marekani yamewekwa kwa sheria tangu mwaka 1993, msiyafunge juu darini mkiyaelekezana, nimeyaona hayo. Rimoti isiposhika, betri imelala kwa baridi, iweke mfukoni badala ya kuiacha garini.

Lipo pia lile skrubu kwenye mota la kupanga ivute kwa nguvu kiasi gani. Watu wanaliongeza wakati wa baridi ili mlango usigome. Ukiliongeza, mlango hautajua tofauti ya barafu na mguu wa mtu. Ulainishe kwanza. Kisha laza kipande cha mbao sakafuni, cha unene wa sentimita nne hivi, funga mlango juu yake. Ukigusa mbao lazima urudi juu. Usiporudi, huo mlango si salama, hata kama unafunguka kwa utamu kiasi gani.

Swali la mwisho, la ssebo, yaani bwana, mmoja wa Calgary, Kanada: anajenga Kabale, anataka kuleta mlango wake mzima kwenye kontena, na mota. Kabale kuna baridi, lakini baridi ya sweta, haigandishi mpira. Mlango lete, lile povu litakusaidia usiku. Mota iache. Ya kwao ni volti 120, hertsi 60, sisi ni 240 na 50. Ukiichomeka hivihivi inaungua siku hiyohiyo. Ukiweka transfoma, volti zinashuka lakini hertsi zinabaki zilezile 50, na mota za namna fulani zinazunguka polepole na kupata joto. Nunua ya volti 240, yenye betri ya akiba, maana umeme wetu mnaujua. Na grisi? Kabale hata ile ya beringi ingevumilia, ila vumbi la barabara yako ya murram litaipenda kuliko wewe. Silikoni.

Mama wa Ggaba ananipigia, gari la samaki limefika na vyuma vyangu bado viko kwenye friza yake. Ngoja niwahi boda.