Washauri wa mpango wa kuboresha shule: uchunguzi wao nausifu, kabrasha lao silitaki

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi ya umma ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa ikishika mkia kwenye mitihani. Tulipotakiwa kuandaa mpango wa kuinua taaluma, uongozi uliwakodi washauri elekezi watushike mkono kuanzia uchunguzi hadi ufuatiliaji. Siwataji kwa jina kwa sababu ninachopima hapa ni huduma yenyewe, nami nawaandikia walimu wakuu na kamati za shule wanaofikiria kuichukua. Nusu ya kwanza ya kazi yao ilitufaa sana. Nusu ya pili mnaweza kuifanya wenyewe, tena vizuri zaidi.

Uchunguzi hawakuuanzia kwenye matokeo ya mitihani. Walitumia kipimo cha kusoma kwa sauti, cha aina ile ambayo shirika la Pratham la India hukitumia katika ASER, utafiti wa kupima watoto kusoma na kuhesabu ulioanza mwaka 2005. Mtoto anaketi na mtu mzima mmoja, anapewa karatasi yenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na panaandikwa pale alipokwama. Basi. Tulipima darasa la tatu hadi la sita, kila mwalimu na kiti chake chini ya dirisha.

Mimi nilimpata msichana wa darasa la tano ambaye daftari lake linapendeza: mwandiko wa kunyooka, kila kilichokuwa ubaoni kimenakiliwa hadi nukta. Kwenye aya akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akanitazama, akakiondoa. Tukashuka kwenye maneno, akakwama. Tukashuka kwenye herufi, na herufi alizijua. Alikuwa amevuka madarasa manne akinakili maandishi asiyoweza kuyasoma, na daftari likitiwa vema ukurasa kwa ukurasa. Hakuna jedwali la ufaulu lingenionyesha mtoto huyo.

Matokeo yalibandikwa kwenye ofisi ya walimu, darasa kwa darasa, bila majina. Mwalimu wa hisabati wa darasa la sita alisimama mbele ya ile karatasi muda mrefu, kisha akasema sasa anaelewa kwa nini watoto wanaojumlisha bila shida huacha wazi maswali ya hesabu yaliyoandikwa kwa maelezo.

Kwenye mahudhurio nako walifanya kazi nzuri. Sisi tulizoea kutoa wastani wa shule nzima, na wastani huficha watoto: shule inaweza kuwa na mahudhurio ya asilimia 93 huku kundi lile lile dogo likikosa masomo wiki hadi wiki. Wao walihesabu jina moja moja, kwa kigezo kinachotumika sana Marekani, kwamba mtoto anayekosa asilimia 10 au zaidi ya siku za masomo yumo hatarini, iwe ameugua, ameruhusiwa au ametoroka. Majina yaliyotoka kwenye rejesta yalikuwa karibu yale yale ya waliokwama kwenye maneno.

Kikao cha kutafuta mzizi wa tatizo ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Walimu tulijaza bango: wazazi hawajali, madarasa yamefurika, vitabu havitoshi, watoto hawana hamu. Mwezeshaji hakubishana na hata moja. Alichukua kalamu nyekundu akauliza, "Walimu wangu, katika haya yote, lipi tunaweza kulishughulikia sisi wenyewe Jumatatu asubuhi?" Watu wakanyamaza. Kisha mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye vikaoni huwa haongei, akasema kipindi chake cha kusoma huliwa karibu kila siku na matangazo ya mstarini, na kinachobaki kinatosha watoto wachache tu wa mbele. Hilo tungeweza kulishughulikia wenyewe, na halikuhitaji bajeti.

Kikao cha wazazi walikipanga asubuhi ya siku ya kazi, wakaja wachache mno. Tulishikilia kirudiwe jioni. Jioni hiyo mama mmoja alisimama na ripoti ya mwanawe mkononi. "Walimu, kila muhula mnaniandikia 'ajitahidi zaidi'. Mngeniandikia hajui kusoma, ningejua la kufanya." Washauri hawakuliandika popote. Nililiandika mimi.

Baada ya hapo likaja kabrasha. Ni zito na lina jalada zuri, lakini vipaumbele vyake ni vingi kuliko walimu tulionao. Malengo yake ni ya "kuinua kiwango cha ufaulu" na "kuimarisha ushirikiano na wadau", mhusika ni "uongozi wa shule", na kwenye safu ya muda wameandika "endelevu". Katika jedwali moja jina la shule nyingine lilikuwa bado halijafutwa. Yule msichana na kidole chake, kile kipindi kinacholiwa na matangazo, yule mama, vyote havimo. Uchunguzi wao na mpango wao ni kama vimeandikwa na watu wasiofahamiana, na hilo liliniuma, kwa sababu waliyaona matatizo yetu kwa macho yao.

Walileta pia slaidi ya "mageuzi ya haraka": badilisha mwalimu mkuu, ondoa nusu ya walimu, anza upya. Hapo niliomba nafasi ya kusema, kwa kuwa jambo hilo limeshajaribiwa. Marekani ilitumia takriban dola bilioni 7 kwenye ruzuku za kunusuru shule dhaifu, na shule zilipewa njia nne za kuchagua, mojawapo ikiwa hiyo ya kubadilisha mwalimu mkuu na kutobakiza zaidi ya nusu ya walimu. Tathmini iliyotolewa Januari 2017 na wizara yao ya elimu haikuona tofauti ya maana kwenye alama za wanafunzi wala kwenye idadi ya wanaohitimu. Sheria yao ya elimu iliyosainiwa Desemba 2015 inataka mpango wa shule dhaifu ujengwe juu ya tathmini ya mahitaji ya shule yenyewe, walimu na wazazi wakiwemo, na mbinu ziwe na ushahidi. Slaidi ile iliondolewa.

Tuliweka kabrasha kabatini tukaandika mpango wa ukurasa mmoja wenye mambo matatu. Kila siku saa moja ya kusoma, watoto wakipangwa kwa kiwango walichofikia badala ya darasa walilomo. Mtoto akikosa siku mbili, mwalimu wa darasa awasiliane na nyumbani siku hiyo hiyo. Na walimu tuingie kwenye vipindi vya wenzetu, si kukaguana bali kutazama watoto wanafanya nini wakati mwenzetu anafundisha. Mbele ya kila jambo kuna jina la mtu na tarehe. Saa ya kusoma ndiyo iliyokuwa ngumu, maana mwalimu wa darasa la sita hakufurahia kupewa kundi la herufi, na wapo watoto wakubwa walioona aibu kukaa na wadogo. Tulilimaliza kwa kuwapa wakubwa kundi lao na matini za umri wao.

Ufuatiliaji wa washauri ulikuwa dhaifu kuliko vyote. Walikuja, wakaomba mihutasari ya vikao na picha, wakaweka alama ya "imetekelezwa". Hakuna mtoto aliyesomeshwa tena ile aya. Sisi tuliirudia mwisho wa muhula, na wapo waliotoka kwenye herufi wakafika kwenye maneno, wengine kwenye aya.

Kwa anayeandaa mkataba: lipieni uchunguzi na kikao cha mzizi wa tatizo, na hakikisheni karatasi za kipimo zinabaki shuleni pamoja na walimu waliofundishwa kuzitumia. Kikao cha wazazi kipangwe jioni, na muda huo uandikwe kwenye mkataba. Uandishi wa mpango ubaki kwenu. Malipo ya mwisho yafungwe kwenye kipimo cha pili cha kusoma, si kwenye siku ya kukabidhi kabrasha.