Pawa saplai ya pedali ya bei rahisi: box la matundu 10, linafaa au halifai?

Wapiga gitaa wenzangu wa Uganda, hii naandika kwa sababu naona mtu anajinyima miezi ananunua pedali kali (vile viboksi vya kukanyaga vya kubadilisha sauti ya gitaa) halafu anaiwasha na adapta yoyote iliyokuwepo nyumbani, alafu anasema pedali ndo mbovu.

Box lenyewe ni yale madogo meusi ya Kichina, matundu 10, nane ya volti 9, moja la 12 na moja la 18. Yanakuja na majina mengi tofauti ila mengi ndani yanafanana sana so jina siliweki. Langu nimelipata mjini Kampala kwa 160,000, na natumia kanisani kila Jumapili.

Uzuri wake upo. Ni jepesi, waya zimo, na kila tundu lina kataa kake kekundu kakuonyesha umeme upo. Nikichomeka pedali ya tyuna (ya kupimia nyuzi), ya wah na ya ovadraivu (ya kukwaruza sauti kidogo), kimyaaa, hata mtu wa saundi hana neno. Pedali za analogi (zisizo na chipu ya dijitali) hazili umeme mwingi, ovadraivu ya kawaida haifiki hata miliampea 20 (kipimo cha umeme unaoliwa), na tundu linatoa 100.

Sasa shida. Juu ya box wameandika kila tundu linajitegemea. Si kweli, na wewe mwenyewe unaweza kupima kabla hujatoa pesa, omba multimita dukani, box likiwa halijachomekwa weka kwenye ile ya kupiga alamu, ncha moja gusa pini ya katikati (ndo hasi) ya tundu la kwanza na nyingine pini ya katikati ya tundu la pili. Ikilia ujue hasi zote zimeunganishwa ndani, yaani umenunua waya mmoja wa kugawa umeme uliovalishwa box. Langu lililia matundu yote nane ya volti 9.

Na hiyo inaumiza wapi? Ukiweka delei ya dijitali (pedali ya kurudia sauti) pamoja na distoshen (ya kukwaruza sauti sana). Zile za dijitali zina saa ya ndani inayotupa kelele kwenye hasi, distoshen inaidaka na kuikuza, unasikia fiiiii kama mbu sikioni hasa mchungaji akianza kuomba na wewe umenyamaza. Tena angalia namba, delei ya Boss DD-8 inakula miliampea 65 hiyo inaingia, lakini pedali ya mwangwi ya Strymon BigSky inataka 300, kwa tundu la 100 usijaribu.

Dawa yangu ni rahisi: analogi zote zibaki kwenye box, delei nimeipa adapta yake peke yake ya volti 9. Mlio umekwisha kabisa, na jumla ya bei bado ni chini sana ya pawa saplai za bei kali kama Voodoo Lab au Cioks. Kama una pedali tatu nne tu za analogi hata box usinunue, chukua adapta moja nzuri na waya wa kugawa, 1 Spot kwa mfano inatoa miliampea 1700, inatosha na kubaki.

Kuhusu adapta, ndugu akikuletea toka Marekani soma imeandikwa 100–240V, maana kuna za 120 tu na umeme wetu wa 240 utaichoma hapo hapo.

Na zile waya za kuwashia rauta kwa pawabenki umeme ukienda, wengi wananiuliza kama zinafaa. Volti 9 zipo ndiyo, lakini rauta nyingi chanya iko katikati na pedali nyingi zinataka hasi katikati, kwa hiyo lazima utafute kigeuzi cha ncha (kiwaya cha kubadilisha chanya na hasi). Bila hicho, pedali isiyo na dayodi ya ulinzi unaipeleka kwa fundi.