Zana za kuandikia plagini za sauti: ipi ununue kwanza ukiwa Dodoma

Prodyuza akishapata programu ya kurekodia, hedifoni za kueleweka na folda ya plagini (programu ndogo zinazofunguliwa ndani ya ile ya kurekodia) alizochotewa kwenye flashi, hachelewi kuuliza lini ataandika ya kwake. Huku Dodoma swali hilo si la ubishi wa vijana tu, lina sababu. Muziki wa Wagogo haukai kwenye vibao vya piano. Watafiti, Gerhard Kubik akiwa mmojawao, wameeleza kwamba ngazi yake ya sauti inafuata harmoniki za asili, zile zinazojitokeza zenyewe juu ya sauti moja ya msingi. Ndiyo ngazi ya ilimba, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na ndiyo iliyosambaa duniani kupitia marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo.

Chukua msingi wa Hz 110. Harmoniki yake ya saba ni Hz 770, wakati kibao cha piano kilicho jirani, G, kinapiga 784. Pengo hilo ni senti 31, karibu theluthi ya nusu-toni (nusu-toni moja ina senti 100). Mrekodi mama wa Chamwino akiimba sauti hiyo, halafu mpitishe kwenye plagini ya kunyoosha sauti iliyoachwa kwenye kromatiki, yaani noti zote kumi na mbili za piano. Itamvuta juu hadi kwenye piano, na ladha imepotea. Kampuni za Ulaya na Marekani hazitaamka kesho kutengeneza kitu kwa ajili ya ilimba. Hiyo kazi ni yenu mlioko Makole, Kisasa na kwenye mabweni ya UDOM.

Wengi hupanga zana hizi kwa bei. Mimi nazipanga kwa muda: ukibadili namba moja kwenye msimbo, unasubiri kiasi gani hadi usikie tofauti? Uchakataji wa sauti mtu hujifunza kwa sikio. Unasogeza kichujio kidogo, unasikiliza, unakirudisha. Ukilazimika kusubiri kompyuta ikompaili (igeuze msimbo kuwa programu) dakika mbili kila unapogusa kitu, utaacha kujaribu na utaanza kubahatisha. Laptopu nyingi tunazonunua ni za mtumba, bando ni la kupimia na umeme una siku zake, kwa hiyo muda huo unageuka kuwa gharama kubwa kuliko leseni yenyewe.

Namba moja: REAPER, kwa sababu ya JSFX

REAPER ni programu kamili ya kurekodia na kuchanganya, kazi ya kampuni ya Cockos ya Justin Frankel, yule aliyetengeneza Winamp. Leseni ni dola 60 kwa mtu binafsi au biashara ambayo mapato yake kwa mwaka hayazidi dola 20,000, na dola 225 kwa waliovuka hapo. Dola 60 ni kama laki moja na nusu na kitu, kutegemea umeamkia bei gani ya dola. Unapewa siku 60 za kujaribu bila kufungiwa chochote. Faili la kusakinisha halifiki hata megabaiti 20, na programu inaendesha kazi vizuri kwenye mashine ambayo programu nyingine zinaikimbia. Ukinunua sasa kwenye toleo la 7, leseni inakufikisha mwisho wa toleo la 8.

Ila mimi nakushauri uinunue kwa kilicho ndani yake. REAPER inabeba lugha ndogo ya kuandikia plagini iitwayo JSFX. Plagini nyingi zinazokuja nayo zimeandikwa hivyo hivyo, kwa matini ya kawaida, na unaweza kufungua yoyote ukaona fundi aliijenga vipi. Unaandika, unabonyeza Ctrl na S, na wimbo ukiwa bado unacheza plagini inaanza upya na msimbo mpya. Hakuna kukompaili kwa kusubiri.

Hii hapa ni plagini nzima, na inafanya kazi: inapiga harmoniki ya saba ya msingi wowote utakaochagua, ili ulinganishe na ilimba au na muimbaji.

desc:Sauti ya saba
slider1:110<50,400,1>Msingi Hz

@init
p = 0;

@slider
h = 2*$pi*slider1*7/srate;

@sample
spl0 += 0.1*sin(p);
spl1 += 0.1*sin(p);
p += h;
p > 2*$pi ? p -= 2*$pi;

Tazama ilivyogawanyika, kwa sababu mgawanyo huu utaukuta kwenye kila zana utakayoigusa baadaye. Sehemu ya kwanza huandaa, inayofuata hufanya kazi plagini inapoanza na kila slaida inapoguswa, na ile ya @sample hupita kwa kila sampuli, yaani kila kipimo kimoja kidogo cha sauti. Ukirekodi kwa 48,000, msimbo wako unaitwa mara 48,000 kwa sekunde. Ndiyo maana hesabu ya h imewekwa kwenye slaida, ikafanywa mara moja, badala ya kurudiwa bure maelfu ya mara. Badili hiyo 7 iwe 5 na utasikia tatu kubwa ya asili (noti ya "mi" juu ya "do"), ambayo iko senti 14 chini ya ile ya piano.

Kiolesura nacho unakiandika humo humo, kwenye sehemu ya @gfx: unachora mistari, unaandika maneno, unasoma kipanya kiko wapi na kimebonyezwa au la. Si cha kupendeza mara moja. Kitufe cha kuzungusha unachora mwenyewe kuanzia duara lake, na mara ya kwanza kitakuchukua jioni nzima. Faida yake ni kwamba unaelewa mapema kitu ambacho wengi hukielewa wakiwa wameshaharibu: uchoraji na sauti ni kazi mbili tofauti. Bafa (fungu la sampuli linalochakatwa kwa mkupuo) ya sampuli 128 inakupa chini ya milisekunde 3 kumaliza hesabu zote. Ukiingiza kazi ya kusoma faili au kuomba kumbukumbu mpya kwenye njia hiyo ya sauti, spika zitakohoa. JSFX imekutenganishia tangu mwanzo. Kwenye C++, lugha inayoandikiwa plagini nyingi, hakuna wa kukutenganishia.

Udhaifu wake upo. JSFX ni ya REAPER, na studio nyingi za hapa utazikuta na FL Studio au Cubase. Ipo plagini huria iitwayo ysfx inayoendesha JSFX kwenye programu nyingine, lakini ni vigumu kumuuzia mteja kitu kinachoanza na maelezo ya kusakinisha kitu kingine. Tena msimbo uko wazi, yeyote ausome. Kwa mwaka wa kwanza hilo lisikusumbue, kwani huna siri ya kuiba.

Namba mbili: Plug'n Script ya Blue Cat Audio

Hii ndiyo ningemshauri mtu anayejua tayari kwamba anataka kuuza, ila hataki kuzama kwenye C++. Ni plagini unayoifungua ndani ya programu yoyote ya kurekodia, FL Studio ikiwemo, na unaandikia humo kwa lugha iitwayo AngelScript. Kusikia ni papo hapo, karibu sawa na JSFX. Kiolesura kinaandikwa kwa KUIML, lugha ya alama inayofanana na XML: unaeleza slaida ikae wapi na picha gani itumike, kisha skripti fupi zinasukuma vitu. Kwa aliyewahi kutengeneza tovuti, huu upande atauzoea haraka.

Nguvu yake kubwa ni kwamba ukimaliza unatoa plagini inayojitegemea, kwa muundo wa VST3 au CLAP kwa mfano, na hudaiwi mrabaha kwa nakala utakazouza. Bei yake ya kawaida iko juu ya ile ya REAPER, na bado utahitaji programu ya kuifungulia. Kama FL Studio yako ni ya kraki, basi anza na REAPER, uwe na kitu kimoja halali mkononi kabla hujamwomba mtu mwingine alipie chako.

Namba tatu: JUCE

JUCE ni mkusanyiko wa msimbo wa C++ wa kujengea plagini. Najua vijana wa CIVE, chuo cha kompyuta ndani ya UDOM, wataniuliza, "Kaka, JUCE ni bure, mbona iko ya tatu?" Ni kweli, ukiwa na mapato madogo hulipi, na ukikubali kuweka msimbo wako wazi unaitumia chini ya leseni ya AGPLv3. Sehemu kubwa ya plagini za kibiashara unazozijua zimejengwa juu yake. Aliianzisha Julian Storer mwaka 2004, na hakuna ajira ya maana kwenye fani hii ambayo haitaitaja.

Lakini piga hesabu kwa Kidodoma. Kwenye Windows unahitaji Visual Studio na vifaa vyake vya C++, gigabaiti kadhaa za bando kabla hujaandika mstari mmoja. Kwenye laptopu ya RAM ya gigabaiti 8, kujenga mradi mara ya kwanza ni kwenda kunywa chai. Umeme ukikatika katikati na betri ya mtumba haishiki, unaanza upya. Na C++ ikikosewa mara nyingi haikuambii umekosea wapi, inaangusha programu nzima ya kurekodia pamoja na kazi ya mteja isiyohifadhiwa.

Toleo la 8 limeleta jambo zuri kwa wasiopenda kuchora kwa C++: unaweza kuweka kiolesura kizima kwa HTML na JavaScript, C++ ikabaki na sauti peke yake. Kwa wanafunzi wanaotengeneza tovuti kujipatia riziki, huo ni mlango mpana. Ingia JUCE baada ya miezi kadhaa ya JSFX. Hesabu za vichujio na kompresa ulizokwishazijaribu utazihamisha karibu zilivyo.

Mpango wa kuuzia watu wa Mac uahirishe. Apple wanatoza dola 99 kwa mwaka kwa akaunti ya msanidi, na bila hiyo mteja atakutana na onyo la usalama akijaribu kuifungua. Wateja wako wa kwanza wanatumia Windows.

Namba nne: HISE, na tano: Kontakt

Hizi zinashindania kazi ile ile, ya kugeuza rekodi za ala kuwa kinanda cha kompyuta. Ukitaka kuiweka ilimba ndani ya kompyuta, na mlio wake wa kuzizima na vile vijiti vinavyoitikia bila kuguswa, huku ndiko kwa kwenda, na hapo tu ndipo mpangilio wangu unageuka.

HISE ni huria, chini ya GPLv3. Ukitaka kuuficha msimbo unalipia leseni. Skripti zake zinafanana na JavaScript, na zinashughulikia noti na kiolesura kwa pamoja. Ugumu ni kuisimika, kwani mara nyingi unalazimika kuijenga mwenyewe, na hapo unarudi kwenye gigabaiti za Visual Studio.

Kontakt ya Native Instruments, programu ya kupigia maktaba za sauti za ala, inatumia skripti zake za KSP na ina maelezo mengi ya kujifunzia. Tatizo ni mteja. Asiye na Kontakt kamili akifungua maktaba yako kwenye ile ya bure, Kontakt Player, itacheza dakika 15 kisha inanyamaza. Kuondoa kizuizi hicho ni makubaliano na kampuni yenyewe. Sioni kwaya ya Dodoma ikinunua Kontakt kamili ili ipige ilimba.

Ya mwisho: Max for Live

Chombo kizuri sana cha kujitengenezea plagini za programu ya Ableton Live, ila kinakuja na Ableton Live Suite, dola 749, na unachotengeneza hakitoki nje ya Live. Ruka.

Vya bure, kabla hujafungua pochi

Faust, lugha iliyozaliwa GRAME huko Lyon, Ufaransa, unaijaribu kwenye kivinjari hata kwenye kompyuta ya maabara ya chuo. Kwa anayefikiri kihesabu ni raha tupu: kichujio kizima kinaandikwa kwa mstari mmoja. Wasiopenda kuandika wachukue plugdata, iliyojengwa juu ya Pure Data ya Miller Puckette, waunganishe visanduku kwa nyaya. Sijaviweka kwenye orodha kwa kuwa, tofauti na JUCE na HISE, havina leseni ya kununua, na havizuii kununua namba moja.

Tahadhari moja kwa kila utakachokiangalia: kisiwe kinatoa plagini za VST2, muundo wa zamani, pekee. Steinberg waliacha kutoa leseni mpya za VST2 mwaka 2018, na huna pa kuipata kihalali sasa. VST3 haina shida hiyo.

Kulipa, na chenji inayobaki

Kadi ya benki inafanya kazi ikiwa imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, jambo ambalo mara nyingi unapaswa kuliomba. Kadi ya mtandaoni unayoitengeneza kutoka kwenye pesa ya simu nayo inakubalika sehemu nyingi. Weka juu kidogo ya bei, kwa sababu kuna makato na bei ya dola ya benki si ile uliyoiona kwenye simu, na malipo yakikwama kwa shilingi elfu mbili utarudia mzunguko wote. Faili la leseni likifika kwenye barua pepe, liweke sehemu mbili.

Ukibakiwa na pesa, usiongeze plagini. Badili betri ya laptopu, au weka diski ya SSD kama bado inatembea na ile ya zamani. Kama bado zinabaki, nunua hedifoni za studio zisizopamba besi. Ile tofauti ya senti 31 kwenye spika za laptopu unaweza kuisikia, lakini kichujio kinachounguruma kwa Hz 60 hutakisikia kamwe.