Kioo cha kukuza mara 10 mbele ya buibui mla mbu wa Ziwa Victoria

Evarcha culicivora ana milimita 5 hivi, na makazi yake ni kandokando ya Ziwa Victoria tu, Kenya na Uganda. Hategi utando. Huvizia, akaruka, na windo analolipenda kuliko yote ni mbu jike wa Anopheles, jamii ya mbu waenezao malaria, aliyeshiba damu. Kioo cha kumtazamia kina kazi mbili: kionyeshe uso wake, na kisimkimbize.

Kile cha mfukoni cha kukunja, mara 10, kipenyo milimita 21, chenye lenzi tatu zilizogandishwa pamoja, kinaziweza zote mbili. Picha hutulia ukiwa milimita 25 kutoka kwa buibui. Cha mara 20 hudai nusu ya hapo: pua inakaribia kugusa ukuta, kichwa kinaziba mwanga, na buibui keshatoweka.

Kibane karibu kabisa na jicho, kidole kikiegemea shavuni, kisha sogea wewe taratibu. Ukikishika mbali kama msomaji wa gazeti, utaona kiduara kidogo tu. Angalia kivuli chako kisimwangukie. Asipotulia ukutani au kwenye shina la mti, mfunike kwa kichupa angavu cha plastiki, uzibe kwa pamba. Usikiache juani, kitafanya mvuke ndani usione kitu. Dakika chache zatosha; mrudishe pale pale.

Hapo ndipo kioo kinapolipa: macho mawili makubwa ya mbele yanakugeukia, na chini yake uso wa dume ni mwekundu kweli kweli. Vioo vya plastiki vilivyoandikwa mara 30 au 60 huzungushia kila kitu ukingo wa rangi, na wekundu huo hugeuka doa. Kwa buibui huyu, kasoro hiyo inatosha kuviacha dukani.

Udhaifu wa kioo hiki ni bawaba: hulegea, kaza skrubu mapema. Vumbi lipulize kwanza ndipo ufute, maana mchanga hukwaruza. Asetoni ni mwiko, hula gundi ya lenzi.

Ukimkuta na windo mdomoni, tazama kichwa cha mbu. Kwa mbu jike, vipapasio vya mdomoni, vile viwili vilivyo kando ya mrija wa kunyonyea, vikiwa virefu sawa na mrija huo, ni Anopheles. Vikiwa vifupi, ni mbu wa jamii nyingine, kama Culex. Mara 10 inaonyesha tofauti hiyo bila kubahatisha.