Awali ya serikali au chekechea ya mtaani?
Kwa mama wa kipato kidogo hapa Dar mi naona hivi. Awali ya serikali ada haipo tangu 2016, ila darasa linajaa, watoto wamebanana mkekani na mwalimu mmoja, na mtoto akitoka home bila chai saa nne ashasinzia, a e i o u anazisikia kwa mbali tu. Chekechea ya mtaani unalipa kila mwezi na inauma, lakini nyingi uji upo, na huo uji jamani msiuchukulie poa, takwimu za 2022 zinaonyesha 30% ya watoto chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Hela ikiwepo napeleka penye uji. Isipokuwepo, awali, ila ashibe kwanza hata kiporo.